Andrea ni jina la kiume: jibu kwa Mama Andrea wa Iringa

Msomaji mmoja wa Iringa ameniandikia. Barua yake nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mwezi wa tatu tulimbatiza mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, tukampa jina la Andrea. Ni jina la baba mkwe wangu aliyefariki mwaka jana. Yeye alibatizwa akiwa mdogo na mapadri wa Konsolata, ndiyo maana sote nyumbani tunaamini ni jina la Kiitaliano. Sasa nina dada yuko Ujerumani. Alipoona picha za ubatizo akapiga simu, akasema tumemwonea mtoto, Andrea ni jina la kike, hata kazini kwake kuna akina mama wawili wanaitwa hivyo. Mama mkwe amelisikia hilo na limemuumiza. Naomba unisaidie. Jina hili lina maana gani na limetoka wapi? Huko Italia ni la kiume au la kike, na bado wanalipenda? Na je, tulibadilishe liwe Andrew au Andreas kabla hatujachukua cheti cha kuzaliwa?"

Marahaba, Mama Andrea. Nakuita hivyo kwa makusudi, kwa sababu tangu siku ile ya ubatizo jina hili limekuwa lako pia. Jirani, muuza mboga, mwalimu wa chekechea, wote watakuita kwa jina la mwanao mpaka uzeeni. Una haki ya kulijua vizuri.

Jibu la haraka kwanza, umpelekee mama mkwe leo hii: Andrea ni jina la kiume. Ni la kiume kwa maana yake, ni la kiume kwa mtu aliyelipa umaarufu, ni la kiume Italia, na ni la kiume kwa Kiswahili. Dada yako naye hakusema uongo, Ujerumani kweli ni la kike, na nitaeleza ilikuwaje. Lakini msibadilishe kitu.

Jina lenyewe ni la Kigiriki. Mwanamume kwa Kigiriki cha kale ni anēr, na neno hilo likiingia katika sentensi shina lake huwa andr-, kama katika andros, "ya mwanamume". Kutoka kwenye shina hilo Wagiriki wakapata andreia, yaani ujasiri. Mswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Sisi nasi tunamwambia mtu aliyefiwa "jikaze kiume", na mtu aliyepambana bila kurudi nyuma tunasema "alipigana kiume". Wagiriki walifikiri vivyo hivyo, wakalifanya jina la mtu: Andreas, mwenye uanaume, shujaa. Shina hilo hilo limo ndani ya Alexandros, mlinzi wa watu, ambalo Waitaliano hulitamka Alessandro na wazee wetu wa pwani walilipokea kupitia Kiarabu kuwa Iskandari. Kwa hiyo ukitafuta jina lililobeba neno "mwanamume" tumboni mwake, ni vigumu kupata linalozidi hili. Dada yako akipiga simu tena, anza naye hapo.

Aliyelipeleka duniani ni mvuvi wa ziwa la Galilaya, nduguye Simoni Petro. Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Injili hulipita bila kulitazama. Andrea alikuwa Myahudi, na ndugu yake alikuwa na jina la Kiyahudi kabisa, Simoni. Yeye ana jina la Kigiriki. Baba mmoja, watoto wawili, lugha mbili. Si ajabu: Bethsaida, mji wao, ulikuwa mahali pa mchanganyiko, Kigiriki kikisikika sokoni na Kiaramu nyumbani, na Filipo wa mji huo huo naye ana jina la Kigiriki. Ukifungua Yohana sura ya 12 utakuta Wagiriki waliofika Yerusalemu kwa sikukuu wanataka kumwona Yesu. Wanamwendea nani? Filipo. Na Filipo anakwenda kumwambia nani? Andrea. Wale wawili wenye majina ya Kigiriki ndio waliokuwa mlango wa wageni. Kwangu mimi, hiyo ni moja ya sehemu ambapo majina yanaeleza maisha ya watu kuliko aya nzima ya historia.

Ni Andrea pia aliyemleta Petro kwa Yesu, Yohana sura ya 1, ndiyo maana Wakristo wa Mashariki humwita "aliyeitwa kwanza". Na ni Andrea aliyemwona mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, katika sura ya 6. Hana hotuba ndefu mahali popote. Kila anapotajwa katika Injili hiyo, anamleta mtu kwa mtu. Kama mnataka kisa cha kumsimulia mwanenu kuhusu jina lake, mikate mitano inatosha kwa miaka mingi.

Sasa Italia. Jina lilifikaje kwao na kushika mizizi kiasi hicho?

Mapokeo ya Kanisa yanasema Andrea alisulubiwa Patras, Ugiriki. Katika karne ya 4 masalia yake yalihamishiwa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola la Kirumi la Mashariki. Mwaka 1204 wanajeshi wa Vita vya Msalaba waliuteka na kuupora mji huo, Wakristo wakiwapora Wakristo wenzao. Kardinali Pietro Capuano, mwenyeji wa Amalfi, aliyachukua masalia ya mtume akayapeleka kwao mwaka 1208. Amalfi ni mji wa pwani kusini mwa Napoli, uliojengwa kwenye genge la mlima, na mpaka leo kanisa lake kuu ni la Mtakatifu Andrea. Kuna ngazi ndefu ya mawe inayopanda mpaka mlangoni. Kila tarehe 27 Juni wanaume wa mji hubeba sanamu ya mtume, na kwenye ngazi hiyo hawatembei, wanapanda nayo mbio, watu pembeni wakishangilia. Wanakumbuka mwaka 1544, meli za Khair ad-Din, yule ambaye Wazungu walimwita Barbarossa, zilipokuja kuushambulia mji zikatawanywa na dhoruba. Watu wa Amalfi walisema ni mtume wao.

Kichwa chake kilikuwa na safari yake. Waturuki walipoikaribia Patras, mtawala wa huko, Thomas Palaiologos, alikimbia nacho mpaka Italia, na Aprili 1462 Papa Pio II alikipokea Roma. Kilikaa Vatikano miaka 502. Septemba 1964 Papa Paulo VI akakirudisha Patras kwa Waorthodoksi, kama ishara ya upatanisho. Shika mwaka huo, nitaurudia.

Basi Italia ikawa nchi yenye mtume huyu ndani yake, kaburi kusini na kichwa Roma, na jina likazaa. Karne za ufundi mkubwa wa Italia zimejaa akina Andrea. Yupo Andrea Pisano aliyetengeneza milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo ya Firenze. Yupo Andrea del Verrocchio, ambaye Leonardo da Vinci alikaa karakanani kwake kama mwanafunzi. Yupo mchoraji Andrea Mantegna, na Andrea del Sarto, ambaye jina lake lina maana ya Andrea wa fundi cherehani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yake. Yupo Andrea Palladio, aliyezaliwa mwana wa msaga nafaka wa Padova mwaka 1508 na kuanza kazi akiwa fundi wa kuchonga mawe; nyumba alizojenga Vicenza na viunga vyake ziliigwa Uingereza mpaka Marekani. Yupo Andrea Doria, jemadari wa majini wa Genova, aliyekufa mwaka 1560 akiwa na miaka 93. Hakuna hata mmoja hapo aliyewahi kuulizwa kama jina lake ni la mke au mume.

Milango ile ya Andrea Pisano inanirudisha kwenye swali lako, kwamba jina la baba mkwe ni la Kiitaliano. Juu ya milango fundi aliacha maandishi ya Kilatini pamoja na mwaka 1330, na hapo jina lake ni ANDREAS. Mtaani Firenze aliitwa Andrea. Kwa nini -s imepotea mdomoni na kubaki kwenye shaba?

Kwa sababu Kiitaliano hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Kilatini kilipogeuka polepole kuwa Kiitaliano, konsonanti za mwishoni zilidondoka au zikaongezewa irabu. Lucas akawa Luca. Andreas akawa Andrea. Thomas akawa Tommaso. Petrus akawa Pietro, Paulus akawa Paolo, Marcus akawa Marco.

Sasa yasome majina hayo kwa sauti, Mama Andrea, kisha fungua Agano Jipya la Kiswahili. Luka. Andrea. Tomaso. Petro. Paulo. Marko. Kiswahili nacho hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Watu walioiandika Biblia kwa Kiswahili hawakuwa na haja ya kumuuliza Mwitaliano. Waliyachukua majina ya Kigiriki na Kilatini, wakayapitisha kwenye ulimi wa Mswahili, na ulimi ukafanya kazi ile ile uliyoifanya ulimi wa Firenze miaka mingi nyuma. Hata mkazo umeangukia mahali pamoja: Mwitaliano husema An-DRE-a, akiikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Mwingereza ndiye anayeipiga mwanzoni.

Kwa hiyo nyumbani mnaposema ni jina la Kiitaliano, mko karibu na ukweli ila hamjafika. Padri wa Konsolata aliyetoka Torino alipofika Iringa na kuwasikia Wahehe wakimtaja Mtume Andrea, lazima alijisikia yuko kwao. Lakini jina halikumsubiri. Wamisionari hao walifika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919, wakichukua nafasi ya Wabenediktini wa Kijerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Akina Andrea wa Afrika Mashariki walikuwapo zamani kabla ya hapo.

Mkubwa wao ni Andrea Kaggwa wa Uganda. Alikuwa Mnyoro wa kuzaliwa, akachukuliwa mateka akiwa mtoto, akalelewa katika jumba la Kabaka na kupanda mpaka kuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga. Alibatizwa mwaka 1882 na wamisionari wa White Fathers. Hao walikuwa Wafaransa, na Mfaransa jina hili hulitamka André. Lakini Waganda walimwita Anderea, kwa ulimi wao wenyewe, nao pia hawaachi neno liishie pakavu. Tarehe 26 Mei 1886 Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, aliagiza auawe, na inasimuliwa kwamba alimwambia mnyongaji hatakula chakula chake mpaka aletewe mkono wa Kaggwa kuthibitisha kwamba amekwisha kufa. Wakaukata mkono kwanza, kisha kichwa. Mahali pale ni Munyonyo, na Papa Francis alipafikia Novemba 2015.

Sasa ule mwaka 1964. Septemba, Papa Paulo VI anarudisha kichwa cha Mtume Andrea Patras. Tarehe 18 Oktoba, Papa huyo huyo anamtangaza Andrea Kaggwa kuwa mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake 21 wa Uganda. Ndani ya majuma machache akina Andrea wawili, mvuvi wa Galilaya na mpiga ngoma wa Buganda, walipita mikononi mwa mtu mmoja. Nililigundua hilo nikiwa natayarisha somo, nikaweka kalamu chini kwa muda.

Bunyoro nako, mfalme aliyetawala tangu 1902 hadi 1924 aliitwa Andereya Duhaga. Yeye alikuwa Mwanglikana, aliyefundishwa na Waingereza wanaosema Andrew. Hata hapo jina halikuwa Andrew. Wafaransa, Waingereza, Wajerumani, Waitaliano, kila mmoja alileta namna yake ya kulitamka, na watu wetu wakabaki na yao.

Kuna siku nilifunguliwa daftari la ubatizo la miaka ya 1930 katika parokia moja ya Nyanda za Juu Kusini. Karatasi zimekuwa na rangi ya chai, wino umefifia kuwa kahawia, na padri aliandika kila kitu kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Mstari mmoja ulisomeka Andreas, filius, yaani mwana wa, kisha jina la baba, jina la Kihehe ambalo padri alilihangaikia akalifuta mara moja na kuliandika upya. Pembeni, kwa penseli na kwa mwandiko wa mtu mwingine, pengine katekista aliyekuwa akiita majina siku ya kipaimara, palikuwa na neno moja: Andrea. Ndiyo hadithi ile ile ya milango ya Firenze. Andreas kwenye kitabu, Andrea mdomoni.

Turudi Italia, uliuliza kama bado wanalipenda. Wanalipenda sana. Sehemu kubwa ya karne ya 20 majina yaliyotawala kule yalikuwa Giuseppe, Giovanni na Antonio. Andrea lilikuwapo siku zote lakini nyuma yao. Katika nusu ya pili ya karne hiyo wazazi walianza kuyaona yale matatu kuwa ya kizee, na Andrea likapanda. Mwanzoni mwa karne hii, orodha za watoto wa kiume zinazotolewa na ofisi ya takwimu ya taifa, ISTAT, zilikuwa na Francesco juu, na nyuma yake Alessandro na Andrea wakifuatana. Francesco alikaa kileleni tangu 2001 hadi 2017, kisha Leonardo akachukua nafasi. Andrea limeshuka hatua kadhaa tangu hapo, ila bado ni jina la kawaida kabisa la mvulana.

Kama mumeo ni mpenzi wa mpira hahitaji orodha ya ISTAT. Kikosi cha Italia kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006 kilikuwa na Andrea Pirlo na Andrea Barzagli. Katika fainali ya Berlin dhidi ya Ufaransa kona iliyozaa bao la kusawazisha la Materazzi ilipigwa na Pirlo, na zilipofika penalti yeye ndiye aliyekwenda wa kwanza kwa Italia, akafunga. Muulize shemeji yeyote wa rika hilo kama Pirlo ana jina la kike. Mwimbaji Andrea Bocelli, aliyezaliwa Toscana mwaka 1958, naye anajulikana pote duniani kwa jina hilo.

Na namna mlivyolichagua nyinyi, kwa kumrudisha babu, ndivyo wanavyofanya kusini mwa Italia. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na babu akiwa hai ni heshima anayoiona kwa macho yake. Kinachokatazwa ni kumpa mtoto jina la baba yake aliye hai. Sheria ya nchi yao ya mwaka 2000 inasema hivyo waziwazi. Mama mkwe wako angekaa na bibi wa Napoli au Palermo wangeelewana kuhusu jambo hili hata bila mkalimani.

Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2000 inataka jina la mtoto lilingane na jinsia yake, na hapo ndipo Andrea lilipoingia mahakamani. Kwa kawaida Mwitaliano aliyetaka jina hili kwa binti alisema Andreina. Lakini miaka ya karibuni baadhi ya wazazi, kwa kusikia ya nje, wakaanza kuwaita mabinti zao Andrea, na waandikishaji wakakataa: hili ni la kiume. Kesi moja ilipanda mpaka Mahakama ya Kasasheni ya Roma, iliyo juu ya nyingine zote kwa mashauri ya namna hiyo, na Novemba 2012 ikaamua kwamba binti anaweza kuitwa Andrea, kwa kuwa katika nchi nyingi jina hilo ni la kike na halimfanyi mtoto achekwe. Angalia mizani ilivyokaa, Mama Andrea. Italia, aliyehitaji hukumu ya mahakama kuitwa Andrea ni msichana. Mvulana hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Basi dada yako ameona nini Ujerumani? Ameona jina lililopita njia nyingine. Wajerumani hawaogopi konsonanti mwishoni, wakabaki na Andreas kwa mwanamume. Kisha kwa kuwa katika majina yenye asili ya Kilatini -a mara nyingi ni alama ya kike, wakaichukua Andrea iwe pacha wa kike wa Andreas. Wahispania wana Andrés na Andrea, Wahungaria András na Andrea, Waingereza Andrew na Andrea. Marekani miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa kati ya majina ya wasichana yaliyopendwa sana. Kiongozi wa chama cha SPD cha Ujerumani mwaka 2018 alikuwa mama, Andrea Nahles. Wote hao wako sahihi katika lugha zao. Ni kama neno "Michele": Italia ni Mikaeli, hutamkwa Mi-KE-le, na ukilipeleka Ufaransa kwa namna linavyoandikwa watamtafuta mwanamke. Simone vilevile, mwanamume Italia, mwanamke Ufaransa.

Kwetu -a haijawahi kuwa ya wanawake. Musa, Isa, Juma, Hamza, Luka, Isaya, Zakaria, hesabu mwenyewe. Mfano mzuri kuliko wote ni Yohana. Mjerumani akiona Yohana kwenye karatasi anamfikiria Johanna, mwanamke. Kwetu ni Mbatizaji na ni Mwinjili. Na mwanamke mwenye jina linalofanana na hilo tunaye katika Luka sura ya 8, mke wa Kuza, ila Biblia yetu imemwandika Yoana ili asichanganywe. Hakuna Mtanzania aliyewahi kumwambia mzee Yohana abadilishe jina kwa sababu ya Wajerumani.

Hata hivyo sitaki nikufiche usumbufu uliopo. Namfahamu kijana mmoja wa Kitanzania aliyesoma Ujerumani akiwa na jina hili. Barua za benki na za mwenye nyumba zilimjia zikianza kwa salamu ya "Bibi", na mara moja alipangiwa chumba kwenye ghorofa la wasichana, akafika na sanduku lake, msimamizi akacheka, chumba kikabadilishwa siku hiyo hiyo. Aliniambia baada ya muda alizoea kuweka alama ya jinsia mwenyewe kwenye kila fomu na kuandika jina la pili kwa ukamilifu. Pasipoti ina sehemu ya jinsia, kwa hiyo mpakani hakuna tatizo. Kama mnaona mwanenu anaweza kwenda kuishi huko siku moja, mpeni jina la kati ambalo halina utata, la ukoo au la Kihehe. Linatosha.

Kuhusu Andreas na Andrew. Andreas si kosa, ni Kigiriki na Kilatini, na siku hizi naliona kwa vijana wengi. Andrew ni Kiingereza. Lakini mkitaka kumrudisha babu, rudisheni jina aliloitikia. Watoto wa mzee wanalitumia tayari kama jina la baba yao kwenye vyeti vya shule, la pili baada ya majina yao. Mtoto huyu akiandikwa Andrew ataonekana wa ukoo mwingine kwenye karatasi, na mnajua usumbufu wa herufi moja kupishana unavyowapata watu kwenye mirathi na kwenye mikopo ya elimu ya juu. Kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa andikeni ANDREA, na mhakikishe cheti cha ubatizo kinasema hivyo hivyo. Karani akiuliza kama mtoto ni wa kike, mwonyesheni ilipoandikwa jinsia, basi.

Siku ya jina lake ni tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Waitaliano hupongezana siku hiyo karibu kama siku ya kuzaliwa. Kabla ya hapo, mkipata nafasi, nendeni na mama mkwe parokia aliyobatiziwa mzee, mwombe paroko awafungulie daftari la mwaka wake. Majina yamefuatana kwa tarehe ya ubatizo. Mtafute kama Andreas.